Somo la Informatiki: Mlango, Santineli na Ishara



Kila mtoto wa Kolwezi anajua ishara ni nini. Kabla ya kupasua mawe kwa baruti ndani ya shimo kubwa, sawa vile lile la KOV, sireni inalia na watu wanaondoka karibu. Sireni haileti barua, wala haielezi mambo mengi. Inasema jambo moja tu, na mwenye kuisikia anapaswa kujua tangu mbele atafanya nini. Ndani ya kompyuta, ile tunayoita hapa kwetu ordinatere, mambo iko vile vile. Leo tujifunze namna ya kuzipanga ishara hizo kwa makundi, na namna ya kuziambia: ngojeni kwanza.

Msiseme somo hili ni la mafundi wa Ulaya tu. Lilitugusa sisi wenyewe, hapa shuleni.

1. MAMBO YALIYOTUPATA

Miaka miwili iliyopita, mwisho wa muhula wa pili, mimi na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa sita tulitengeneza programu ndogo ya kuandika pointi za madarasa yote. Programu ilifungua faili la zamani, ikalifuta, halafu ikaanza kuandika upya tangu darasa la kwanza mpaka la sita. Tuliijaribu mara nyingi, ikaenda vizuri. Tukafurahi.

Siku ya kazi yenyewe, mtu mmoja katika sekretaria aliona kioo cha mashine kimenyamaza. Akasema: “Hii machini imelala.” Akabonyeza Ctrl na C pamoja. Programu ikafa palepale. Tulipofungua faili, tukakuta madarasa matatu tu. La nne, la tano na la sita: hakuna kitu.

Tulikaa siku mbili usiku tukinakili upya kutoka katika madaftari ya walimu. Lakini mwalimu mmoja wa fizikia alikuwa amekwisha kuhamia mbali na daftari lake halikuonekana. Hivi msichana mmoja, ambaye karatasi yake ya mtihani nayo ilikuwa imepotea, alilazimika kufanya mtihani ule tena wakati wenzake wako likizo. Alikuja peke yake asubuhi, akaketi, akaandika. Hakusema neno baya. Lakini mimi nilijua kosa si lake, wala si la yule aliyebonyeza. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu niliacha mlango wazi wakati wa kazi ambayo haipaswi kukatwa katikati.

2. ISHARA NDANI YA KOMPYUTA

Programu inapokuwa inatumika, mafundi wanaiita prosesi. Kiini cha mfumo, yaani ile sehemu inayotawala mashine yote, kinaweza kuipelekea prosesi ishara. Kila ishara ina jina na namba. Tuangalie chache za Linux:

SIGHUP, namba 1: mashine uliyoitumia kuongea na programu imekatika.
SIGINT, namba 2: mtu amebonyeza Ctrl na C.
SIGKILL, namba 9: ufe sasa.
SIGALRM, namba 14: saa uliyoitega imelia.
SIGTERM, namba 15: tafadhali maliza kazi yako.

Prosesi ikipata ishara, inaweza kufanya moja ya mambo matatu: kuipuuza, kuipokea kwa namna iliyoandikwa na mwenye programu, au kufuata desturi ya mfumo. Kwa SIGINT na SIGTERM, desturi ni kufa. Njo vile programu yetu ilikufa.

Lakini iko njia nyingine, na ndiyo somo la leo: kuizuia ishara kwa muda. Kuzuia si kupuuza. Ishara unayoipuuza imetupwa. Ishara unayoizuia inangoja nje mpaka umalize.

3. SANTINELI NA VIBAO VYAKE VIWILI

Tufikiri juu ya santineli wetu wa mlangoni. Walimu wako ndani, wanakaa baraza la kupima pointi. Bwana Prefe anampa santineli kibao kimeandikwa: wazazi wasiingie, wenye kuuza mikate wasiingie. Hicho ndicho kibao cha kwanza, orodha ya wanaozuiwa.

Sasa baba mmoja anafika. Santineli anamwambia:

— Papa, ngoyeni kidogo. Balimu beko mu baraza.

Baba haambiwi arudi nyumbani. Anaketi chini ya mti. Santineli anachukua kibao cha pili, cha wanaongoja, na mbele ya neno “wazazi” anatia alama moja. Baraza likiisha, mlango unafunguliwa, baba anaingia.

Kompyuta inafanya hivyo hivyo. Kila prosesi ina kibao cha ishara zinazozuiwa na kibao cha ishara zinazongoja.

Hapa mwanafunzi mmoja aliniuliza darasani: “Mwalimu, na kama wazazi watano wanakuya?” Ulizo zuri. Santineli wa kompyuta hahesabu. Mbele ya “wazazi” kuna nafasi ya alama moja tu. Aje mmoja, waje watano, alama ni ile ile moja. SIGINT ikija mara tano wakati imezuiwa, utaipata mara moja. Kwa hiyo usitumie ishara za kawaida kuhesabu mambo. Linux iko na ishara nyingine, kuanzia namba 32 mpaka 64, ambazo zinapangwa mstari moja nyuma ya nyingine, lakini tutazisoma siku nyingine.

4. NAMNA YA KUANDIKA KIBAO

Katika lugha ya C, kundi la ishara lina aina yake, sigset_t. Kazi tano zinatosha kulishughulikia:

sigemptyset: futa kibao, kiwe kitupu.
sigfillset: andika ishara zote.
sigaddset: ongeza ishara moja.
sigdelset: ondoa ishara moja.
sigismember: uliza kama ishara fulani iko ndani ya kundi.

Jambo la kwanza ambalo wanafunzi wanasahau: kabla ya kuongeza kitu, lazima utumie sigemptyset au sigfillset. Kibao kipya si kitupu. Kinaweza kuwa na chaki ya jana. Ukiandika juu ya chaki ya jana, utawazuia watu ambao hukuwataja hata kidogo, na utatafuta kosa mpaka jioni.

Jambo la pili: kuandika kibao si kukitundika. Mpaka hapa santineli hajapewa kitu. Kibao kiko bado mkononi mwako.

5. NAMNA YA KUKITUNDIKA

Kazi ya kukitundika ni sigprocmask. Unaweza kumwambia santineli kwa njia tatu:

SIG_BLOCK: hawa ninaokupa, uwaongeze juu ya wale unaowazuia.
SIG_UNBLOCK: hawa ninaokupa, uwaondoe katika wale unaowazuia.
SIG_SETMASK: futa kibao chote, uandike hiki ninachokupa.

Na kila mara unaweza kumwomba akurudishie nakala ya kibao kilivyokuwa mbele ya mabadiliko. Programu yetu, baada ya kusahihishwa, inasema hivi:

sigset_t kundi, zamani;
sigemptyset(&kundi);
sigaddset(&kundi, SIGHUP);
sigaddset(&kundi, SIGINT);
sigaddset(&kundi, SIGTERM);
sigprocmask(SIG_BLOCK, &kundi, &zamani);
andika_pointi();
sigprocmask(SIG_SETMASK, &zamani, NULL);

Msome polepole. Tunafuta kibao, tunaandika ishara tatu, tunakitundika na kuweka nakala ya kile cha zamani. Tunafanya kazi isiyopaswa kukatwa. Mwisho tunarudisha kibao cha zamani. Kama mtu alibonyeza Ctrl na C katikati, ishara yake ilingoja nje. Inaingia kwenye mstari wa mwisho, na programu inakufa. Ni sawa ife! Pointi zimekwisha kuandikwa. Tena huyo mtu ametii­wa, ila amengoja kidogo.

6. JUU YA NINI TUSIFUNGUE KWA SIG_UNBLOCK?

Wengi wanafikiri: nilizuia tatu, basi nitafungua zile tatu. Inaonekana haki. Lakini tusikilize mfano huu. Asubuhi, Direkta wa Nidhamu alikwisha kumwambia santineli asiwaache wauza mikate waingie mpaka saa sita. Saa nne Bwana Prefe anafika na baraza lake: “Wazazi na wauza mikate wasiingie.” Saa tano baraza linaisha, naye anasema: “Sasa wazazi na wauza mikate waingie.” Wauza mikate wanajaa uwanjani, na Direkta anakasirika. Nani alikosa? Bwana Prefe alifungua mlango ambao si yeye aliyeufunga wa kwanza.

Ndani ya programu kubwa, kazi moja inaita kazi nyingine, nayo inaita nyingine. Hujui nani alikwisha kuzuia nini mbele yako. Kwa hiyo sheria ni hii: uache mlango vile ulivyoukuta. Ndiyo maana tunaweka nakala katika “zamani”, na kuirudisha kwa SIG_SETMASK.

7. VITU AMBAVYO MLANGO HAUWEZI

Msidhani kibao kinaweza yote.

Kwanza, ishara mbili hazizuiliwi na mtu: SIGKILL na SIGSTOP. Ukiziandika kibaoni, mfumo hautakugombeza, ila utanyamaza na kuziacha zipite. Ni kama Inspekta anapofika mlangoni: santineli hana neno. Hiyo ni vema, sababu lazima mwenye mashine awe na njia ya kuisimamisha programu iliyopotea akili.

Pili, ziko ishara ambazo prosesi inajiletea kwa kosa lake yenyewe, sawa SIGSEGV, inapogusa sehemu ya kumbukumbu isiyo yake. Moto ukiwaka ndani ya chumba cha baraza, kufunga mlango wa nje kutasaidia nini? Linux ikikuta kosa la namna hiyo wakati ishara yake imezuiwa, inaiua prosesi. Basi usikimbilie sigfillset kwa uvivu. Taja zile unazozijua.

Tatu, usifunge muda mrefu. Mtu akibonyeza Ctrl na C bila kujibiwa, mwisho atatumia SIGKILL, na hiyo haingoji. Mlango ukifungwa siku nzima, watu wanauvunja. Funga kwa ajili ya kazi fupi, halafu fungua.

Nne, na sisi wa Kolwezi tulishike sana: kuzuia ishara si kuzuia giza. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako karibu juu ya mto Lualaba, na laini ndefu kutoka Inga, yenye kilometa karibu 1.700, inafika hapa kwetu tangu 1982. Hata hivyo umeme unakatika. Umeme ukikatika ghafula, hakuna ishara inayokuja. Mashine imekufa tu. Kama iko na batri ya akiba, na batri inakwisha, mfumo unaweza kuanza kujifunga: unapelekea prosesi zote SIGTERM, unangoja muda mfupi, halafu zilizobaki unazipelekea SIGKILL. Hapo ndipo kibao chetu kinafaa. Lakini kwa giza la ghafula dawa ni nyingine: usifute faili la zamani! Andika pointi katika faili jipya pembeni, uhakikishe kwa fsync kwamba zimefika kwenye diski, halafu ulipe faili jipya jina la lile la zamani kwa rename. Ikatwe wakati wowote, utakuta faili moja zima: la zamani au jipya. Sasa programu yetu inafanya yote mawili.

8. KUNGOJA BILA KUPOTEZANA NA MGENI

Mara nyingine programu haina kazi, inataka tu kulala mpaka ishara ije. Mtoto anafikiri: nitafungua mlango, halafu nitalala. Lakini ishara ikija katikati, baada ya kufungua na mbele ya kulala? Itakuwa kama santineli anayefungua mlango na kugeuka kwenda kitini mwake. Mgeni anapita nyuma ya mgongo wake. Yeye anaketi, anamngoja mgeni yule yule, anangoja mpaka usiku.

Dawa yake inaitwa sigsuspend. Inatundika kibao kingine na kulala kwa tendo moja, hakuna nafasi katikati. Ishara ikija na kupokelewa, inaamka na kurudisha kibao cha kwanza. Na kama unataka tu kujua nani anangoja nje bila kumfungulia, tumia sigpending: itakupa nakala ya kibao cha pili, nawe utaiuliza kwa sigismember.

9. MAMBO HAYA YALITOKA WAPI?

Unix ilianza 1969 katika Bell Labs, huko Marekani, kwa kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Ishara za zamani zilikuwa na ugonjwa. Katika toleo la 7, la mwaka 1979, ishara ikipokelewa mara moja, mpango wa kuipokea ulifutika. Ya pili ikifika upesi mbele ya kupanga upya, prosesi ilikufa. Mwaka 1983 watu wa chuo kikuu cha Berkeley, katika 4.2BSD, walileta kibao cha kuzuia, kimeandikwa ndani ya namba moja ya biti 32. Mwaka 1988 kanuni ya POSIX ikaleta sigset_t, ili mwenye programu asihangaike kujua kibao kina nafasi ngapi. Linux, aliyoianza Linus Torvalds wa Finlandi mwaka 1991, inafuata kanuni hiyo. Basi kosa lililotupata sisi lilikuwa limepata dawa siku nyingi. Sisi ndio hatukusoma.

10. TUANGALIE KWA MACHO

Katika Linux unaweza kukiona kibao. Kila prosesi ina faili lake la hali, /proc, halafu namba yake, halafu status. Ndani yake tafuta mstari SigBlk. Wakati programu yetu inaandika pointi, mstari unasema:

SigBlk: 0000000000004003

Namba hiyo imeandikwa kwa hesabu ya kumi na sita. Ishara namba 1 ni biti ya kwanza, thamani yake 1. Namba 2 ni biti ya pili, thamani 2. Jumla ni 3. Namba 15 ni biti ya kumi na tano, ambayo kwa hesabu hiyo ni 4000. Jumla ya zote: 4003. Mnaona? Hesabu ya seti mliyoifanya mwaka wa kwanza, ile mliyosema haina faida, ndiyo hii. SIG_BLOCK ni muungano wa seti mbili. SIG_UNBLOCK ni kutoa seti moja katika nyingine.

MAZOEZI

a) Programu inazuia SIGINT na SIGALRM tu. Andika mstari wake wa SigBlk.

b) SIGTERM imezuiwa. Inakuja mara tatu, halafu inafunguliwa. Programu ina mpango wa kuipokea na kuandika neno “Nimesikia”. Neno litaandikwa mara ngapi, na juu ya nini?

c) Mwanafunzi ameandika sigaddset bila sigemptyset, na programu yake siku moja inaenda, siku nyingine haiendi. Mweleze kwa upole.

d) Kibao kilikuwa na SIGHUP. Kazi yako inazuia SIGHUP na SIGINT, halafu inafungua zote mbili kwa SIG_UNBLOCK. Kibao kimebaki na nini? Kilipaswa kubaki na nini?

Majibu myaandike katika karatasi, mniletee Alhamisi kabla ya kengele ya saa nne. Wasio na mashine nyumbani wasiogope: mazoezi yote manne yanafanyika kwa kalamu.

TUKUMBUKE

Futa kibao mbele ya kuandika. Zuia zile unazozijua. Fanya kazi upesi. Rudisha kibao ulivyokikuta.

Yule msichana alishinda mtihani wake wa fizikia. Tena ndiye aliyesoma mistari hii ya C mbele ya kuchapwa. Alikuta nimesahau sigemptyset.

Mwalimu wenu wa Informatiki